Shule mbili za UPE mjini Tororo, na kwa nini nilimhamisha binti yangu

Nashona sare za shule hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa hiyo shule nyingi za UPE za mji huu, yaani za msingi za serikali chini ya mpango wa elimu kwa wote, nilizijua kwanza kwa kola zake. Majina sitayataja, maana watoto wa majirani zangu bado wanasoma humo. Moja nitaiita ya karibu, nyingine ya mbali.

Ya karibu ni dakika 10 kwa miguu kutoka kwangu. Matokeo yake ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni mazuri, madirisha yana vioo, walimu wanafika mapema. Binti yangu aliingia P1, darasa la kwanza, pale 2024, na mwaka wote ule sikuwa na la kulalamika. Shida haikuanzia darasani, ilitoka wilayani ikapita getini.

Anayeishi hapa anaujua mgogoro wenyewe. Makabila mawili ya hapa yanavutana: Wateso wanataka wilaya yao, Wajapadhola nao wana msimamo wao, na pande zote mbili zinaudai mji wa manispaa. Mimi ni Msamia wa Busia, mume wangu alikulia Malaba, nyumbani tunasema Kiswahili. Nilidhani hayo hayatuhusu. Ukaja mkutano wa wazazi kuhusu lugha ya kufundishia. Tangu mtaala wa 2007, watoto wa P1 hadi P3 wanatakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo lao. Swali la kuuliza ni moja tu: watoto waliomo darasani wanaelewa lugha gani zaidi? Hakuna aliyeliuliza. Baba mmoja alisimama akasema wakifundishwa Kiteso, kesho huo utakuwa ushahidi kwamba mji ni wa Wateso. Mwenzake akamjibu vivyo hivyo kuhusu Dhopadhola, lugha ya Wajapadhola. Saa mbili zikaisha. Choo cha wasichana, ambacho hakikuwa na mlango na kilikuwa kwenye ajenda, hakikutajwa hata mara moja.

Wiki hiyo binti yangu aliniuliza, "Mama, sisi ni wa upande gani?" Kumbe wenzake walikuwa wanagawana timu za kuruka kamba kwa kabila. Nilinyamaza na sindano mkononi. Mtoto wa miaka saba!

Kilichonitoa kabisa ni daftari. Muhula wa tatu wa 2025, kampeni za uchaguzi wa Januari zikiwa zimepamba moto, mgombea mmoja aliruhusiwa kuingia paredi ya asubuhi na kugawa madaftari yenye picha yake kwenye jalada. Watoto wakaambiwa wampigie makofi. Binti yangu akarudi nyumbani akiimba kaulimbiu ya mtu ambaye mimi sikukusudia kumpigia kura, na hata kama ningekusudia, sikumpeleka shule kwa ajili hiyo.

Likizo ile nilitembelea shule nne. Matokeo niliyaangalia, ndiyo, lakini niliuliza pia nani wamo kwenye kamati ya shule. Sheria ya Elimu ya 2008 inampa mwanzilishi wa shule, mara nyingi kanisa au msikiti, nafasi ya kupendekeza mwenyekiti, na serikali ya mtaa nayo ina mtu wake humo. Mwenyekiti anayetafuta udiwani ataiona shule kama uwanja wake wa mikutano. Nilitazama pia ubao wa matangazo: je, hesabu za fedha za UPE zimebandikwa, na ni za muhula huu au karatasi imepauka kwa jua? Shule mbili kati ya zile nne hazikuwa na karatasi yoyote.

Ya mbali ilikuwa nayo, na muhuri juu. Mteja wangu mmoja mwenye watoto pale akanisimulia kwamba nao waliletewa madaftari ya kampeni. Hedimasta aliyapokea ofisini, akamshukuru mgeni, akamwomba asiende paredi. Madaftari yakagawiwa baada ya kura kupigwa, na kila mtoto akaagizwa alifunike lake kwa gazeti kabla ya kuliingiza darasani. Kwangu hilo lilitosha.

Sasa binti yangu yuko P3 pale. Kasoro zipo na sitazificha. Darasa lao lina watoto 94, na mwalimu ni mmoja. Posho, yaani ugali, na maharage huchelewa, siku nyingine hadi saa nane. Bodaboda inanila 2,000 kila siku. Daraja la kwanza kwenye PLE ni wachache mno kulinganisha na shule ya karibu, na hilo linaniumiza, sisemi uongo. Mwalimu wa Kiswahili hawana, ingawa baraza la mawaziri lilipitisha 2022 kwamba somo hilo liwe la lazima.

Lakini nilihudhuria mkutano wa wazazi. Hedimasta alianza na hesabu za fedha, shilingi kwa shilingi. Mzee mmoja akajaribu kuingiza habari za wilaya. "Mzee wangu," akamwambia kwa heshima, "hilo lina baraza lake. Hapa tunazungumzia posho." Wakarudi kwenye posho. Nilipotoka nilipitia choo cha wasichana: mlango upo, na komeo lake linafunga.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku watakapoigawa P3 iwe mikondo miwili na kumleta mwalimu wa Kiswahili.