Mashine ndogo ya kukoleza utomvu wa mepo: uzoefu wangu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tunaogema mepo (maple, mti wenye utomvu wa kupikia shira) huku Vermont, Marekani, kazi yetu ni kuyatoa hayo maji, tena si haba. Utomvu wa mepo huwa na sukari kama asilimia 2 tu, kwa hiyo lita 1 ya shira inataka lita 43 za utomvu. Kwa kuni na karai peke yake, Machi nzima unanuka moshi, na usiku wa manane bado unakoka moto.

Ndiyo maana nikanunua mashine ya utando, ile ndogo ya wanaopika shira nyumbani. Pampu inausukuma utomvu kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Maji yanapenya, sukari inabaki. Mpira mmoja unatoa maji, wa pili unatoa utomvu uliokolea. Nilikinga kikombe kwenye ule wa maji nikaonja: hakuna utamu hata chembe. Hapo nikaacha kuwa na wasiwasi kwamba namwaga sukari.

Utomvu ukipita mara moja, sukari ya asilimia 2 inakuwa 4, yaani nusu ya maji imeondoka na hujawasha hata kijiti. Nikiurudisha tena na tena hadi 8, lita 1 ya shira inabaki kudai lita 11 hivi za kuchemsha. Sasa napika jioni na kulala kama watu wengine.

Adui yake ni baridi. Utomvu ukiwa kama barafu, mashine inadondosha kwa uvivu wa kuudhi, na utando ukiganda umekwisha, kwa hiyo kila usiku naihamishia ndani. Viungio vya plastiki vilivuja tangu mwanzo. Nimevifunga upya kwa tepu ya mabomba, na muuzaji sijamsikia mpaka leo. Kuosha ni lazima kila ukimaliza, ila maji ya kuoshea mashine inakutengenezea yenyewe. Tena utomvu uliokolea huchacha upesi, usiulaze.

Wapo wanaosema shira ya mashine haina ladha. Rangi na ladha huja motoni, na moto bado upo: napika mpaka joto lipite la maji yanayochemka kwa nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Watafiti wa kituo cha Proctor, Chuo Kikuu cha Vermont, walishalinganisha na hawakuona tofauti kubwa ya ladha. Yangu niliimwaga juu ya kaimati, na wageni wangu wa kutoka Mombasa walilamba sahani.

Mwenye miti mitatu minne nyuma ya nyumba abaki na sufuria yake. Ukiwa na ishirini na kuendelea, nunua, na uagize utando wa akiba kabla ya Februari.