Rivyu ya Railgun S: pawa zote zile na bado yuko peke yake

Sizoni ya kwanza ya anime ya A Certain Scientific Railgun wengi mnaijua, wale mabinti wanne, Misaka, Kuroko, Uiharu na Saten, wanazurura mtaani, wanakula vitamu, wanakamata wahuni, wanamsumbua mtafiti dokta Kiyama, inafurahisha na ina mwendo wake wa taratibu. Hii ya pili, Railgun S ya 2013, episodi 24, studio ileile J.C.Staff na mwongozaji yuleyule Tatsuyuki Nagai, inaanza kama maisha yanaendelea vilevile halafu kidogo kidogo inakutoa pale na kukuingiza sehemu yenye giza kabisa. Mi nasema wazi, episodi 16 za mwanzo ndo kitu bora zaidi kwenye mfululizo mzima wa Railgun. Humu ndani kuna spoila, ambaye hajaangalia aamue mwenyewe kama anaendelea kusoma.

Kwa wageni fasta tu: Academy City ni mji wa kubuni ulioko magharibi mwa Tokyo, una watu kama milioni 2.3 na karibu asilimia 80 ni wanafunzi, na wanafunzi hao wanatengenezewa pawa maabara na kupangwa kuanzia leveli 0 mpaka leveli 5. Wa leveli 5 wapo saba tu mji mzima, Misaka Mikoto ndo namba tatu, pawa yake umeme. Ile sarafu anayoirusha kwa kidole inatoka na kasi mara tatu ya sauti, ila inafika kama mita 50 tu kwa sababu inayeyuka njiani.

Sasa sizoni hii inamchukua huyu binti mwenye umri wa sekondari na kumwambia kwamba alipokuwa mdogo kuna watu wazima walimwomba DNA yake, wakamwambia ni ya kutibu watoto wenye ugonjwa wa misuli, akakubali kwa moyo mweupe kabisa, halafu wakaitumia kutengeneza nakala zake 20,000, mabinti wanaofanana naye kila kitu, wa kuuliwa mmoja mmoja na Accelerator, namba moja wa mji, ili apande kuwa leveli 6. Kila nakala inagharimu yeni 180,000. Kuna mtu alikaa akapiga hiyo hesabu, na ndo maana ile bei inaniumiza kuliko hata damu inayoonekana.

Pale anapoanza kuingia kisiri maabara za mradi huo ndo anime inapopanda. Shule yake ya Tokiwadai inawalazimisha wavae yunifomu hata wakitoka nje ya shule, kwahiyo ukimuona Misaka amevaa kofia na nguo za kawaida usiku unajua ameamua. Hapigi kelele, hajitangazi kama kawaida yake, anatumia umeme kuchezea kamera na milango na kompyuta, anaharibu mitambo anaondoka, kesho usiku maabara nyingine, mchana anacheka na wenzake kama hamna kitu. Na wachoraji wamelionesha vizuri mno, episodi kwa episodi macho yake yanazidi kuchoka, mwili umechoka, mpaka unatamani mtu amshike mkono amwambie kaa chini ule kwanza.

Af wanamletea ITEM, kundi la mabinti wanne wanaofanya kazi chafu za mji huo. Hapa nimsifie mmoja wao, Frenda, maana kila mtu anamsifia kiongozi wao Mugino kwa sababu ni leveli 5 na mianga yake inatoboa ukuta, lakini pambano la Frenda ndo lililonifurahisha zaidi. Huyu anapigana kwa mabomu, midoli yenye milipuko ndani, utepe aliotandaza kila kona anauwasha unakimbia na moto, na anamsumbua namba tatu wa mji mzima vibaya sana. Misaka ana nguvu ila amechoka na hana mpango, Frenda ana mpango. Mapigano ya anime mengi ni nani ana mwanga mkubwa, hili unaliangalia unafikiri pamoja nao, sakafu iko wapi, utepe uko wapi, mlango uko wapi.

Ila episodi iliyonishika kabisa ni ya ile nakala namba 9982. Wanakutana, wanazozana mchana kutwa kama dada na mdogo wake, kuna paka, halafu Misaka anambandika beji ya chura ampendaye aone ikikaa kifuani inakuwaje. Akiitaka arudishiwe yule binti anakataa, anasema ni zawadi ya kwanza kupewa na dada yake. Siku hiyohiyo usiku anauawa, na dakika za mwisho anajivuta chini aifikie ile beji. Sikuweza kuendelea na episodi iliyofuata, nilizima.

Kinachonigusa ni kwamba Misaka hawaambii rafiki zake, hata Kuroko anayelala naye chumba kimoja na anayemuona akirudi usiku wa manane na kumsubiri bila kumbana maswali. Anaona kosa ni lake kwahiyo alimalize mwenyewe au afe. Mvulana anaitwa Touma anakuja kumzuia darajani, na hapo kuna tatizo la kweli, kama hujaangalia A Certain Magical Index, anime ambayo Railgun imechipuka kutoka kwake, utajiuliza huyu jamaa ni nani na huo mkono wake wa kulia unafuta vipi pawa za watu, anime haikuelezi vya kutosha. Wapo wanaokasirika kwamba mvulana ndo anamaliza kesi ya Misaka, nawaelewa, ila kwangu uzito uko kwenye yeye kukubali kusaidiwa.

Na hiyo ndo sababu siikatai sehemu ya pili, ile ya mtoto anaitwa Febri, ambayo wengi wanaiponda. Ni kweli hailingani, kundi la STUDY ni maadui wepesi na mapigano ya roboti mwishoni yanachosha. Lakini huyo Febri naye ametengenezwa maabara kama zile nakala, Misaka anakutana naye, anataka tena abebe peke yake, halafu safari hii anawaambia Kuroko, Uiharu na Saten, anaomba msaada. Saten ni leveli 0, hana pawa yoyote, na yuko mbele kuliko wote kumtafuta yule mtoto. Bila episodi 16 za kwanza hilo tukio lingekuwa la kawaida tu.

Muziki, wimbo wa kufungulia "sister's noise" wa fripSide usiuruke hata mara moja.

Mpangilio wa kuangalia: anza Railgun ya 2009, ndo uje S, af Railgun T ya 2020 ambayo inaendelea na Tamasha la Daihasei, mashindano ya michezo ya shule za mji huo, na inamfungua vizuri Shokuhou, yule binti wa kuingia akilini mwa watu. Na kama una haraka ya kuruka moja kwa moja kwenye S, usifanye hivyo, utamkosa Saten wa sizoni ya kwanza.