Kiangazi kwenye fukwe za Chicago: tathmini ya mtu aliyekulia Mwanza

Kila kiangazi, ndugu na marafiki wanaokuja kututembelea Chicago hutuuliza swali lile lile: tuanzie wapi? Jibu langu halijabadilika tangu nihamie hapa. Waanzie ziwani, na wakae huko muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu fukwe za umma za Ziwa Michigan, zinazosimamiwa na mamlaka ya bustani za jiji, ndizo huduma bora kuliko zote ambazo jiji hili humpa mtu bila kumtoza kiingilio. Nimezaliwa na kukulia Mwanza, kwa hiyo ziwa si jambo geni kwangu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000 na Michigan lina kama 58,000, lakini hili la huku lina kina kirefu zaidi, hadi mita 281, na kina hicho kinahusika sana na mambo nitakayoyaeleza.

Mgeni anachokiona kwanza ni kwamba ufukwe huu si mali ya mtu. Njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli hulifuata ziwa kwa kilomita 30 hivi, kaskazini hadi kusini, na karibu urefu wote huo hukutani na ukuta wa hoteli wala geti la mwenye nyumba linalokuzuia kuyafikia maji. Hali hii ilipiganiwa. Katika ramani ya mwaka 1836 liliandikwa agizo kwamba ardhi ya umma iliyo mbele ya mji ibaki wazi milele, bila majengo. Mfanyabiashara Montgomery Ward alipoona agizo hilo linapuuzwa, alikwenda mahakamani mwaka 1890 na hakuacha kushindana hadi 1911, huku matajiri wenzake wengi wakimwona mkorofi. Kwa mtu wa Mwanza, ambako ukitaka kukaa vizuri kando ya ziwa mara nyingi unapitia hotelini na kuagiza kitu ndipo upate kiti, si jambo dogo kupewa mchanga safi, kivuli, choo, bomba la kunawia na mlinzi wa waogeleaji bila kutoa senti.

Kati ya fukwe zote, ninaoupendekeza kwa familia ni ule wa Montrose, upande wa kaskazini. Ukishuka kituo cha Wilson kwenye treni ya njia nyekundu, unatembea kuelekea mashariki kwa takriban nusu saa, unapita chini ya barabara kuu ya kando ya ziwa, kisha unakutana na uwanja mpana wa nyasi uliojaa moshi wa nyama. Hapo utadhani uko nyumbani. Familia kutoka Meksiko, Ethiopia, Nigeria, Ufilipino na kwingineko huanza kuwasha majiko ya mkaa tangu asubuhi, watoto wanacheza mpira, wazee wamekaa vivulini, na kila baada ya hatua chache muziki unabadilika. Kuchoma nyama kunaruhusiwa kwenye nyasi, si mchangani, na makaa hutupwa kwenye mapipa maalumu. Ukifika baada ya saa nne asubuhi siku ya Jumapili, vivuli vizuri vimekwisha kuchukuliwa.

Mwezi Agosti mwaka jana tulimpeleka mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Mwanza. Alisimama pale maji yanapoishia mchangani, akainua upindo wa khanga yake, akainama na kuchota maji kwa kiganja. Aliyanusa kwanza. Kisha akayaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akanigeukia na kusema, "Mwanangu, ziwa hili halinuki dagaa." Mwanangu wa miaka tisa, ambaye amesikia hadithi nyingi za Ukerewe, akamuuliza, "Bibi, humu hamna mamba?" Mama akanitazama mimi nijibu. Nilimwambia kwamba hamna mamba, hamna kiboko, na lililo kubwa kwetu sisi tuliokulia kule, hamna kichocho. Aliposikia hilo la kichocho aliingia hadi magotini na akasimama humo karibu nusu saa, akiwatazama wajukuu zake. Utotoni kwetu, yeye ndiye aliyekuwa akituchapa kila alipotukuta tumetoka ziwani na nywele mbichi, na alikuwa na haki, maana wenzetu kadhaa walikuwa wakikojoa damu.

Usafi wa maji haya nao una historia yake. Jiji hunywa maji ya ziwa hili hili, na zamani mto wa Chicago ulikuwa ukimwaga humo uchafu wote wa mji. Mwaka 1900 wahandisi walikamilisha mfereji ulioufanya mto ugeuze mwelekeo, ukawa unatoka ziwani badala ya kuingia, na uchafu ukapelekwa upande wa mto Mississippi. Watu wa chini ya mto hawakuifurahia kazi hiyo, na ninawaelewa kabisa. Siku hizi maji ya fukwe hupimwa wakati wa msimu na matokeo hutangazwa. Baada ya mvua kubwa, hasa ile inayofurika mitaani, mimi siwaingizi watoto majini kwa siku moja au mbili, hata kama jua ni kali namna gani.

Pia kuna baridi, na hapa wageni wengi kutoka Afrika Mashariki hushtuka. Hewa inaweza kufika nyuzi 30 mwezi Juni huku maji yakiwa bado yanauma miguu, kwa kuwa ziwa lenye kina kirefu namna hii huchukua miezi kupata joto. Wakati mzuri wa kuogelea ni kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti, ambapo maji huweza kupita nyuzi 20. Hata hivyo, upepo wa kutoka kusini au magharibi ukivuma kwa nguvu, huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea katikati ya ziwa, na maji baridi ya kilindini yakapanda kuchukua nafasi yake. Unaweza kuogelea Jumamosi kwa raha na Jumapili, jua likiwa lile lile, ukashindwa kuingiza hata kisigino.

Kuhusu usalama, huduma hii ninaipa alama za juu kabisa. Msimu huanza Ijumaa ya kabla ya sikukuu ya mwishoni mwa Mei ya kuwakumbuka askari waliofia vitani, na huisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Katika kipindi hicho walinzi wa waogeleaji huwa kazini kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni. Wengine hukaa juu ya viti virefu mchangani, na wengine huwa ndani ya mitumbwi ya makasia, wakienda na kurudi taratibu mahali maji yanapoanza kuwa marefu, filimbi mdomoni. Bendera ya kijani inakuruhusu kuingia, ya njano inakutaka uwe mwangalifu, na nyekundu inakataza. Nawasihi wasomaji waiheshimu ile nyekundu. Ziwa hili hupiga mawimbi kama bahari, na mikondo ya kando ya magati na kuta za zege huwachukua hata waogeleaji hodari. Mahali pengi kati ya ufukwe mmoja na mwingine kuna ngazi za zege zinazoshuka moja kwa moja kwenye kina, ambazo zinafaa kukaa na kutazama maji, lakini si mahali pa kumfundishia mtoto kuogelea.

Jambo jingine linaloniridhisha pale Montrose ni jinsi wanavyoishi na ndege. Mwaka 2019 jozi ya ndege wadogo wa mchangani, wa aina iliyo hatarini kutoweka katika eneo la Maziwa Makuu ya Marekani, walitaga mayai mchangani hapo baada ya miongo mingi bila aina hiyo kuonekana ikizaliana jijini. Watu waliwapa majina ya Monty na Rose, wakajitolea kwa zamu kuwalinda, na tamasha la muziki lililokuwa lifanyike hapo likafutwa. Sehemu ya mchanga imezungushiwa uzio, na jirani yake kuna msitu mdogo ambamo zimewahi kuonekana aina zaidi ya 300 za ndege. Mtu mwenye subira na darubini anaweza kumaliza asubuhi nzima humo.

Baiskeli zinahitaji tahadhari. Njia yenyewe ni nzuri sana, hasa tangu mwaka 2018 walipomaliza kutenganisha waendesha baiskeli na watembea kwa miguu. Tatizo nililipata kwa muuzaji mmoja wa kukodisha, ambaye sitamtaja jina. Bei aliyoiandika ubaoni ilikuwa ya saa moja, nasi tulipochelewa kurudisha kwa dakika kumi na mbili alitutoza saa nzima kwa kila baiskeli, baiskeli nne, bila kuwa ametueleza sharti hilo mwanzoni. Nilipomwonyesha kwamba moja ya baiskeli ilikuwa na breki mbovu, alisema ningelisema kabla ya kuondoka. Kwa hiyo kagua breki na tairi mbele ya mwenye mali, muulize kuhusu kuchelewa, na piga picha ya masharti. Chakula kinachouzwa ufukweni nacho ni ghali kuliko ubora wake. Beba chako kutoka nyumbani, chapati hazichachi upesi.

Gati la Navy Pier, ambalo wageni wengi hulitaja kwanza, linatosha saa moja kwa ajili ya gurudumu lake kubwa na fataki za usiku. Jioni ninayoithamini zaidi ni ya Millennium Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 2004. Katika tamasha la muziki la Grant Park, ambalo lilianza mwaka 1935, okestra hupiga bure siku kadhaa za wiki kuanzia Juni hadi Agosti kwenye jukwaa lililobuniwa na msanifu majengo Frank Gehry. Mabomba ya chuma yamepinda juu ya uwanja wa nyasi, yakiwa yamebeba spika, kwa hiyo hata aliyetandika mkeka mbali kabisa anausikia uzi wa fidla ukikwaruzwa. Mama, ambaye muziki alioujua ni wa kwaya na wa dansi, alilala chali akatazama ghorofa zikiwashwa taa moja baada ya nyingine, na hakutaka tuondoke kabla ya watu kumaliza kupiga makofi.

Nikimpeleka mgeni upande wa kusini, tunakwenda ufukwe wa mtaa wa 31, wenye jina la Margaret Burroughs, ambako kuna uwanja wa watoto na mandhari nzuri kabisa ya katikati ya jiji. Karibu na hapo, tarehe 27 Julai 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alielea na kuvuka mpaka usioandikwa uliotenganisha maji ya weupe na ya weusi, akarushiwa mawe na akazama. Vurugu zilizofuata ziliua watu 38. Kuna jiwe la kumbukumbu kando ya njia, dogo mno kwa maoni yangu, na waendesha baiskeli wengi hulipita bila kuliona. Mwanangu aliyasoma maandishi yake kwa sauti, akamfasiria bibi yake kwa Kiswahili neno kwa neno. Mama alikaa kimya kitambo, kisha akauliza maji yale yaliyokuwa na mpaka yako wapi, naye mtoto akamwonyesha kwa kidole: palikuwa pamejaa watoto wa kila rangi, na mlinzi mmoja alikuwa akipiga makasia katikati yao.