OpenSeesPy kwa madaraja ya tao ya zege: uzoefu wangu

Kama unataka programu ya kukuchorea daraja ulizungushe kwenye skrini, hii si yako. OpenSeesPy, maktaba ya Python ya kukokotoa nguvu ndani ya miundo kwa injini ya OpenSees, haina dirisha wala vitufe. Unaandika Python mwenyewe, nodi (pointi) kwa nodi, elementi (kipande kinachounganisha nodi) kwa elementi, mwisho unapewa namba. Picha utazitafuta kwa opsvis, kifurushi cha kuchorea matokeo, na nazo ni za kawaida tu.

Lakini injini yake! OpenSees ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa ajili ya kuchunguza miundo wakati wa tetemeko la ardhi, na asili hiyo inaonekana. Mkato wa tao unaugawa vipande vidogo: zege unalipa tabia yake (Concrete02), nondo tabia yake (Steel02), nayo inafuatilia wapi zege limepasuka na wapi nondo zimeanza kuzidiwa. Tao jembamba likibinywa hupinda, na kule kupinda kunaongeza momenti (nguvu ya kupinda). Kwenye mstari unaoeleza jinsi elementi inavyofuata umbo, andika Corotational mahali pa Linear, hilo linahesabiwa. Haya yote bila kulipia leseni ya mwaka.

Kabla hujaiamini modeli yako, ipime hivi. Tao la parabola lenye bawaba tatu, mita 100 kutoka egemeo hadi egemeo, kimo mita 20, mzigo wa kN (kilonyutoni) 100 kwa kila mita ya mlalo. Kwa kalamu, msukumo wa mlalo ni wL²/8f (w mzigo, L urefu kati ya egemeo, f kimo), yaani kN 6,250. Ukipata namba ya ajabu, angalia vipimo kwanza: programu haijui mita wala milimita, ukizichanganya inakokotoa kimya kimya. Elementi nazo ni nyoofu, kwa hiyo likate tao vipande vya kutosha. Baada ya hapo toa bawaba, funga miguu yote miwili. Msukumo utashuka kidogo na momenti zitajitokeza, kwa sababu tao linafupika likibanwa.

Iliponichosha ni hatua za ujenzi. Daraja la Bloukrans, Afrika Kusini, lililokamilika 1984 likiwa na tao la mita 272, lilijengwa kutoka pande mbili huku nusu zake zikishikiliwa na nyaya hadi zikakutana katikati. Ukilimodeli kana kwamba lilitua zima siku moja, momenti za uzito wake hazitakuwa za kweli. Hapa kila hatua unaiandika mwenyewe: ongeza elementi, kaza waya, ondoa waya. Midas Civil, programu ya kulipia ya kusanifu madaraja, ina sehemu maalumu ya kazi hiyo.

Zege kulegea taratibu chini ya mzigo nako usikupuuze. Ndiko kulikoshusha matao ya mhandisi Freyssinet kwenye daraja la Le Veurdre, Ufaransa, akalazimika kuyainua kwa jeki. OpenSees ina TDConcrete, aina ya zege inayobadilika na muda, kwa ajili hiyo, ila inadai usome maelezo yake kwa utulivu.

Kwa utafiti na tasnifu naipa nyota nne kati ya tano. Kwa ofisi yenye mteja anayesubiri michoro Ijumaa, mbili.