TAHADHARI: Muuzaji wa tairi "inchi 33" hapa Dodoma, soma kabla hujamwachia gari

Wakuu, habari za majukumu. Nimelizwa, na naandika ili asilizwe mwingine.

Nina Prado ya zamani, ile ya injini ya 1KZ, dizeli. Naifuatia zabibu Hombolo na Mpunguzi, na msimu wa alizeti naingia nayo Chemba mpaka Kondoa. Tairi zake za siku zote ni saizi ya 265/70R16. Mwezi wa pili, mvua zimekolea, nikakwama huko Bahi saa nne nzima kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaojaa kwenye kashata (meno ya tairi) mpaka tairi inakuwa kama andazi. Nikaapa nanunua tairi kubwa. Mtu aliyetoka kwenye matope na hasira zake ni mteja rahisi sana.

Jamaa anapanga tairi chini ya mwarobaini pembeni ya barabara kuu, ana jeki mbili, kompresa na kijana wa kufungia. Jina simtaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia, maana nimeshagundua wenzangu wawili wanamjua kwa majina tofauti. Mjueni kwa maneno yake. "Bosi, hizi ni 285/75R16, inchi 33. Hazigusi popote. Gari linapanda juu, nguvu inaongezeka, na mafuta yanapungua, maana tairi ikizunguka mara moja tu umeshaenda mbali." Sh 2,200,000 kwa nne, na za kwangu akazipokea kwa Sh 400,000, kwa hiyo nikaongeza Sh 1,800,000.

Hilo la mafuta ndilo lililoniingia, kwa sababu lina nusu ya ukweli. Ni kweli tairi ile inaenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja. Ya zamani ina kimo cha kama milimita 777, hii ni 834, karibu hizo inchi 33, zaidi kwa asilimia 7. Lakini nani anaizungusha? Injini ni ileile, difu ni ileile. Ni sawa na mtu kakubadilishia gia zote zikawa nzito kidogo bila kukwambia. Kuondoka na mzigo unakanyaga zaidi, na mlimani giaboksi ya otomatiki inahangaika, inapanda gia, inashuka, inapanda tena. Kuipita Kolo kwenda Babati nikiwa na magunia, mshale wa joto ulisogea mahali ambapo sijawahi kuuona, na wenye 1KZ wanajua injini hii ikichemka silinda hedi huweza kupasuka. Nilipaki nikasubiri. Kushuka nako, ukiweka gia ya chini ili injini ishike gari, haishiki kama zamani, breki ndiyo inabeba kazi.

Na breki yenyewe inasimamisha uzito mwingine. Spea yangu ilibaki ya saizi ya zamani, kwa hiyo niliweza kulinganisha: nikaweka spea, kisha moja ya hizi mpya na rimu yake, kwenye mizani ya alizeti. Tofauti kilo 9. Kwa kila gurudumu. Beringi, boljointi na tairodi zinabeba hizo kilo kila shimo unaloingia.

Mshale wa spidi nao unadanganya. Ukisoma 80, simu yangu inasema 84. Ukipita Kibaigwa au Gairo kwenye 50, trafiki wenye tochi za spidi hawasomi dashibodi yako. Kilomita nazo zinapungua kwenye dashibodi: kwa kila 100 ulizotembea kweli, zinaandikwa kama 93. Nilipokokotoa mafuta nikaona gari linakunywa vibaya mno, kumbe sehemu ya huzuni yangu ilikuwa ya hesabu tu. Nilipozidisha kilomita kwa 1.07 bado yalikuwa yameongezeka, ila si kwa kiasi kile cha kunikosesha usingizi.

Sasa hayo yote ni tabia ya tairi kubwa, yangenikuta hata kwa muuzaji mwaminifu. Wizi uko hapa.

"Hazigusi popote." Alinijaribishia gari likiwa tupu, kwenye uwanja tambarare, usukani umekatwa robo. Juma lililofuata natoka Mpunguzi na kreti za zabibu nyuma, nakata kona kwenye korongo, nikasikia mlio kama mtu anakwangua sufuria. Tairi inakula madigadi kwa ndani. Kumbe yule kijana alishakata plastiki ya ndani kwa kisu na kugonga bati kwa nyundo wakati mimi nimekaa kwenye kigoda nakunywa soda ya muuzaji. Soda ilikuwa ya bure, nikamwona mstaarabu.

Nikapeleka gari kwa fundi wangu Majengo. Akazunguka, akainama, akalala chini na tochi ya simu, akakaa kimya muda. Halafu: "Kaka, hizi umenunua lini?" Nikamwambia mwezi uliopita. "Basi zina umri wa mwanangu wa darasa la saba."

Nikalala chini na mimi. Upande wa ndani, ule unaotazama springi, kuna kiduara cha yai chenye tarakimu nne: 1911. Wiki ya 19 ya mwaka 2011. Tarakimu hizo kwa kawaida huwa upande mmoja tu wa tairi, na mjanja huufunga upande huo uangalie ndani. Zote nne zilikuwa hivyo. Watengenezaji wengi hushauri tairi isivuke miaka 10 tangu itengenezwe, hata kashata ikiwa ndefu, maana mpira unakauka.

Na kashata yenyewe ilikuwa ya kuchonga. Fundi akanionesha: ndani ya mifereji ya tairi isiyochongwa kuna vinundu vidogo vya mpira, vinavyokuonesha imebaki kiasi gani. Kwenye zangu vimekatwa katikati kwa kisu cha moto, mfereji mmoja mpana, mwingine mwembamba, na kwenye moja uzi ulishaanza kuchungulia. Kuna tairi za malori zinazoruhusiwa kuchongwa, ubavuni huandikwa REGROOVABLE. Hizi za kwetu hazina hilo neno, ukichonga unakula nyama ya tairi. Nikasugua ubavu kwa kidole chenye mate, kikatoka cheusi. Rangi.

Nikarudi mwarobaini. "Bosi, mali ikishatoka hairudi." Risiti? Nilipewa karatasi ya daftari la mistari iliyoandikwa "tairi 4". Siyo ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mimi sikuidai, hilo ni kosa langu. Tairi zangu za zamani? "Zimeshapata mtu."

Kwa hiyo ukienda kwake au kwa yeyote wa namna hii: soma tarakimu nne kabla tairi haijapanda kwenye rimu, zote, siyo ya juu peke yake. Baada ya kufunga, pandisha gurudumu la mbele juu ya jiwe, jaza watu nyuma, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, mbele na rivasi. Akikataa, shuka. Na usimwachie spea ikawa saizi tofauti: Prado hii inavuta magurudumu yote muda wote, ukifunga spea ndogo difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika, kwa hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi, siyo ya kukufikisha Singida.

Sisemi tairi kubwa ni ushenzi. Nilipata milimita 28 chini ya difu, na kwenye matope nimeziona faida zake. Ila kwenye mchanga wa makorongo yetu, kushusha upepo kutoka PSI 32 hadi kama 20 kulinisaidia kuliko inchi zote hizo, na ni bure, ukikumbuka kujaza tena kabla ya lami.

Nimeshazitoa. Nimenunua 265/70R16 mpya, kwa mkopo.

Mkuu yeyote aliyeuziwa hapo 265/70R16 nne tangu mwezi wa pili, moja ikiwa na kiraka cha ndani cha msumari na nyingine imechubuka ubavuni karibu na vali, ni zangu. Nicheki inbox uniambie alikuuzia shilingi ngapi.