Kompyuta ya nyumbani kwa sisi wa Amu (Lamu): ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Shule zikikaribia kufunguliwa watu wanauliza lile lile, ninunue HP ama Lenovo ama nijikaze nitafute MacBook, na mimi huuliza kwanza: ikiharibika, nani ataifungua? Manake hapa kisiwani duka ulikonunua mara nyingi liko Mombasa au Nairobi, mzigo unakuja na basi mpaka Mokowe, unapanda boti, na kurudisha ni njia hiyo hiyo kwa nauli yako. Ongeza upepo wa chumvi na stima inayokatika bila hodi. Kwa hivo jina la kampuni mimi naliweka nyuma, mbele naweka vitu viwili tu: fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kubadilisha kitu, na prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni ya kizazi cha ngapi.

Hicho kizazi ndo kinaamua utatumia Windows gani. Microsoft waliacha kuisapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine) na kwa upande wa Intel kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Kukijua si kazi, soma namba inayofuata baada ya i5: i5-8350U ni cha nane, i5-7300U ni cha saba, i5-6300U ni cha sita. Muuzaji akikwambia "hii ni core i5, mashine kali" bado hajakwambia kitu, kuna i5 za 2010.

Kwangu nambari moja ni Lenovo ThinkPad T480 ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, toleo la 2018. Ina betri mbili, moja iko ndani na nyengine unaichomoa nyuma kwa mkono, so betri ikichoka unanunua nyengine unapachika mwenyewe bila fundi, na stima zikipotea ukiwa na ile kubwa ya nyuma mtoto anamaliza insha yake. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ina nafasi mbili, SSD (storeji ya kasi ya kuwekea faili) inabadilishwa, chini ni skrubu za kawaida. Hata plagi ya chaja ya Uingereza ni hii hii yetu ya pini tatu. Kasoro zake pia niseme, baadhi zilikuja na skrini mbovu ya 1366 kwa 768, hiyo iache, taka ya 1920 kwa 1080. Halafu USB-C ya mashine hizi ilikuwa na tatizo la kufa chaji kwa sababu ya programu ya Thunderbolt ndani yake, Lenovo walitoa apdeti ya kulirekebisha, iweke siku ile ile unayoipokea.

Ukikosa T480 safi, chukua HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490, ni za umri ule ule na zinafunguka vizuri, tofauti kubwa ni kwamba betri iko ndani. Lakini macho kwenye herufi jamani! 840 G3 ni kizazi cha sita na G4 ni cha saba, na kwa nje asiyezizoea anaweza kuzichanganya na G5, hapo ndo watu wanauziwa bei ya G5 mashine isiyo G5.

Nambari mbili ni MacBook Air ya M1, ile iliyotoka Novemba 2020. Bei iko juu sana kuliko ThinkPad, ila haina feni kabisa, hainyonyi hewa ya chumvi wala vumbi, haipigi kelele, na betri yake ikiwa nzima unashinda nayo mchana kutwa. Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu RAM na storeji zimetiwa lehemu kwenye bodi. Ukinunua ya GB 8 utazikwa na GB 8, na siku chai ikimwagika, picha za harusi zinaenda na bodi kama hukuziweka pengine. Zile Air za Intel za 2015 na 2017 zinazouzwa rahisi usizishike, ziliishia macOS Monterey. Na kabla hujalipa, muuzaji atoke kwenye iCloud, akaunti yake ya Apple, mbele ya macho yako.

Nambari tatu naipenda kwa dhati, na ndiyo ya mwenye pesa kidogo: ThinkPad au EliteBook ya kizazi cha 4 mpaka cha 7, uweke Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows. Ni bure, na Mint 22 itapata apdeti mpaka 2029. Weka SSD badala ya hadidiski na RAM GB 8, itakimbia. eCitizen, barua pepe, YouTube, masomo ya watoto, vyote ni brauza tu, na LibreOffice inafungua faili za Word ingawa mpangilio wakati mwengine huvurugika kidogo. Kama kazi yako ni Photoshop au Excel yenye makro usijilazimishe, rudi nambari moja.

Deskitopu bila UPS (betri ya akiba ya stima) hapa kwetu siipendekezi. Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, kila moja ina tarehe ya mwisho wa apdeti, nyingi za mtumba zimekaribia au zimepita, angalia kwenye seting kabla ya kitu chochote. Ya mwisho kabisa ni zile laptopu mpya za kwenye boksi zenye Celeron, RAM GB 4 na storeji ya eMMC (iliyotiwa lehemu kwenye bodi) GB 64: Windows 11 peke yake inakula sehemu kubwa, na nyingi huwezi kuongeza kitu. Wazazi wengi wananunua hizi kwa sababu ni mpya, na inaniuma, kwa pesa hizo hizo mtoto angepata mashine ya miaka.

Ukiagiza kutoka Mombasa mwambie muuzaji akupigie video kabla hujatuma pesa. Afungue Command Prompt (dirisha la kuandika amri) aandike powercfg /batteryreport, afungue ripoti inayotoka, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na wa sasa, ikiwa imeshuka chini ya nusu punguziwa bei. Aizime aiwashe aingie BIOS (seting za mashine yenyewe kabla Windows haijawaka), ikidai paswedi achana nayo. Abonyeze kila kitufe, achomeke flashi kila tundu, matundu ndo huanza kula kutu kwetu. Ikifika, wale wa hotspot ya simu ingieni seting za Wi-Fi muwashe metered connection, ya kuiambia Windows bando lina kipimo, la sivyo Windows italamba bando la wiki usiku mmoja.