Mitego na sumu za panya kwa nyumba za Moshi na Arusha: kipi ununue kwanza

Mahindi yakishavunwa, Julai na Agosti, panya huyafuata magunia hadi ndani. Anayekimbia darini usiku ni panya mweusi, mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Asili yake ni Asia. Alifika pwani na vyombo vya baharini, akapanda bara na mizigo. Ni hodari wa kukwea, kwa hiyo hupita juu ya kenchi, kwenye nyaya, na kwenye tawi lolote la mparachichi linalogusa bati. (Panya buku wa kihambani si mgeni, na mitego hii haimwezi.)

1. Mtego wa kubana, saizi ya panya
Huu ndio wa kwanza. Wauzaji wengi huweka pamoja saizi mbili: mdogo wa sentimita 10 hivi ni wa panya wadogo wa nyumbani, unaotakiwa darini una urefu wa sentimita 17 hivi. Ukimbania panya mkubwa kwenye mtego mdogo, anaondoka nao. Kabla ya kulipa, utege palepale dukani na uguse kibao cha chambo kwa kalamu. Usipofyatuka kwa mguso mwepesi, rudisha. Angalia pia misumari inayoshika springi: ikilegea kwenye ubao, mtego hautadumu.

Usinunue mmoja. Nunua sita, kwa sababu panya huogopa kitu kigeni, na waliobaki hujifunza haraka. Weka mitego yote na chambo bila kuitega kwa siku tatu au nne, ili panya wakile na kuizoea, kisha itege yote usiku mmoja. Chambo kiwe siagi ya karanga kiasi cha punje ya harage, au dagaa aliyefungwa kwa uzi ili panya alazimike kuvuta. Wengi hulundika chambo, panya analamba pembeni na kuondoka salama. Mtego ukae msalaba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Darini, ufunge kwenye kenchi kwa binding waya.

Vaa glavu, na si kwa ajili ya harufu: mkojo wa panya hubeba homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022.

2. Kizimba cha waya
Kinafaa penye watoto, vifaranga au paka. Chagua chenye matundu yasiyozidi milimita 12 na mlango wenye komeo linalojifunga. Mlango unaotegemea uzito wake tu, panya huunyanyua kwa pua. Chambo kikae mbali na pande za waya, la sivyo kitaliwa kutoka nje. Kumwachia panya mtoni au kwenye shamba la jirani ni kumhamishia mwenzako tatizo.

3. Sumu ya vipande
Inunuliwe mitego ikishindwa, tena kwenye duka la pembejeo, si kwa mpita njia. Lebo ionyeshe kiambato (brodifacoum au bromadiolone, 0.005%) na usajili wa TPHPA, mamlaka ya viuatilifu ambayo makao yake yako Ngaramtoni, Arusha. Panya hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, mara nyingi hufia darini, na harufu hukaa wiki nzima au zaidi. Paka au bundi akimla, naye huathirika. Ukiitumia, ifunge kwa waya ndani ya kipande cha bomba la PVC la inchi 3, urefu wa sentimita 40, mbali na kuku. Tunza lebo: mtoto akila, daktari ataihitaji, kwa kuwa tiba yake ni vitamini K1.

4. Gundi
Inanasa panya wadogo stoo, basi. Panya mkubwa hujinasua, vumbi la darini huikausha ndani ya siku chache, na mijusi hunasa kabla yake. Kinachonaswa hufa polepole kwa mateso.

Usinunue kabisa
Vifaa vya sauti vya kuchomeka ukutani: sauti haipiti ukuta wala magunia, na panya huizoea. Na vile vipakiti visivyo na lebo vinavyotangazwa kwa spika sokoni, "dawa ya panya, mende, kunguni". Hujui ndani kuna nini, na hospitali haitajua pia. Unga wa kijivu unaonuka kama kitunguu saumu huenda ni zinki fosfidi, ambayo haina dawa ya kuikata.

Siku hiyohiyo ya kununua mitego, ongeza wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6 na mfuko mdogo wa saruji. Panya wadogo hupita tundu la milimita 12, hivyo ziba pengo kati ya ukuta na bati, na pale mabomba yanapoingia. Waya wa kusugulia sufuria, ukisokomezwa kwanza na kupakwa saruji juu, humzuia kutafuna tena. Ziba baada ya mitego kukaa usiku kadhaa bila kunasa, usije ukawafungia ndani.